Reli ya Papa Haikufutika

Nashikilia hivi: mchoro wa reli hutazamwa kwanza kwa mbali, ndipo uvutwe karibu.

Leo nilimwonyesha Papa, baba yetu aliyeendesha treni miaka mingi, reli ndogo ya mfano ya Kalemie hadi Niemba ninayoichora kwenye kompyuta.

Dada yangu Espérance akashika kipanya. Akaukuza mchoro, akaukuza tena.

Skrini ikabaki nyeupe tupu.

«Kaka, reli ya Papa imefutika. Pamoja na diploma yako yote, hukuuhifadhi mchoro?»

(Uso wa Papa sikuweza kuutazama.)

Nikabonyeza kitufe cha kuonyesha mchoro mzima. Ziwa lililo kando ya Kalemie likarudi, na reli yote pamoja nalo.

Papa akagusa stesheni: «Njo hapa, kwenye stesheni hii, mama yenu alikuwa ananiletea chakula.»

Espérance bado anaulaumu mchoro wangu. Basi ajibu hapa, mbele ya wote: reli ilipotea, au yeye ndiye aliyeisogelea mno?