Wakaazi Wenye Hasira

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini habari nimesikiliza tangu redio ikiwa moja mtaa mzima, na kuna neno moja la watangazaji ninalolijua kuliko wao. Hasira.

Hasira ni kitu cha kila mtu. Kuku akiondolewa kwa mayai yake ana hasira. Lakini kwenye habari hawaigawi sawasawa. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, maji taka yalifurika Kilimani, kwa matajiri, na mtangazaji akasema wakaazi "wameeleza wasiwasi wao." Stima ikapotea Parklands, wakaazi "wakalalamika." Halafu barabara yetu hapa Waithaka ikaisha kwa mashimo, watu wakaifunga kwa mawe, na sisi tukawa "wakaazi wenye hasira." Shida ni shida. Sijui nani alituchagulia hasira.

Siku hiyo ya mawe mimi nilikuwa natoka mtoni kukatia ng'ombe majani ya napia, mzigo mgongoni, panga mkononi. Jua lilinipiga machoni nikakunja uso. Kamera nayo ikanikuta papo hapo. Saa moja jioni nikajiona kwenye televisheni, mimi na panga langu, na sauti ikisema wakaazi wenye hasira wamefunga barabara. Barabara yenyewe nilikuwa naivuka tu.

Mjukuu wangu, aliyekuwa akifanya kazi ya ofisi huko tao, alishika kichwa.

"Shosho, umenimaliza."

"Nimekumaliza na nini?"

"Jumamosi wazazi wa yule kijana anayetaka kunioa wanakuja kukuona. Na baba yake hapitwi na habari."

Kweli, chai haijapoa simu ikalia. Ni yule kijana. Baba yake, fundi wa mbao aliyetoka zamani huko magharibi kwenye mashamba ya miwa, alikuwa anauliza kama mama wa panga anaishi karibu na kwetu.

"Anaishi karibu," mjukuu akasema. "Karibu sana."

Kijana akasema mzee anaona afadhali ziara ingoje kidogo, mambo yatulie huko. Mjukuu akaanza kusema sawa. Nilijua ziara ikishaanza kungoja huwa haiji. Nikamnyang'anya simu.

"Mwambie baba yako huyo mama ni mimi. Na Jumamosi chai itakuwa mezani saa nne."

Kijana alisema, "Sawa, shosho," kama mtu aliyekanyagwa.

Walikuja. Mzee alichagua kiti cha karibu na mlango, kofia gotini, chai hakuigusa. Mkewe aliangalia kuta zote, nikajua anatafuta nini. Hakuliona, kwa sababu mjukuu wangu alikuwa amelificha panga darini tangu alfajiri. Maongezi yakakwama kwa hali ya hewa. Mjukuu alikuwa amesimama na birika kama amegandishwa.

Nikaona haya si maisha.

"Mzee," nikasema, "uliniona kwenye habari."

"Nilikuona, mama."

"Na ukaogopa."

Akageuza kofia mara mbili. "Kuogopa hapana. Tulikuwa tu na wasiwasi kidogo."

"Wasiwasi? Kumbe wewe ni mtu wa Kilimani."

Mkewe ndiye aliyecheka kwanza, chai ikamwingia puani. Mzee akajikaza, akashindwa. Nikamweleza habari ya ng'ombe na jua, naye akasogeza kiti mezani bila kuambiwa, akamaliza kikombe, akaomba kingine. Mjukuu akapata nguvu ya kumimina. Sasa mzee akawa na mdomo. Alichungulia dirishani, kwenye miwa yangu michache kando ya zizi.

"Mama, ile nayo mnaiita miwa? Kwetu ile tungefukuzia kuku."

Mtu anayetukana miwa yako hana haraka ya kwenda nyumbani. Nikageukia mjukuu na watu wangu waliokuwa jikoni.

"Toeni panga langu huko darini, mkamkatie mzee miwa aonje. Na mtakayemtuma, asikunje uso."