Mifuko Niliyoifungua Kila Asubuhi

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Mzee wa stoo, aliyekuwa anakaribia kustaafu, aliniangalia miguuni akasema, "Mwanangu, vua hivyo. Stoo hukanyagwa kwa nyayo, ujue sakafu imelowa wapi." Nikavua, nikapita pekupeku katikati ya magunia ya shule ile ya bweni, upande wa Mpitimbi. Kweli, kwenye kona moja nikahisi unyevu. Mzee akacheka. "Haya, sasa umeajiriwa."

Kwake ndiko nilikojifunza. Gunia haliwekwi chini, linalala juu ya chaga, yaani kitanda cha mbao, tena haliegemei ukuta, maana ukuta hutoa jasho. Maharage yanachanganywa na majivu makavu yaliyochekechwa. Vitunguu vinasukwa mikia na kuning'inizwa penye upepo. Mahindi, kabla hujayapokea, unatia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, unatikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yana maji bado, mwenyewe akayaanike tena.

Wakulima walinichukia kwa chupa ile. Mmoja aling'ata punje mbele yangu, ikalia ka! "Mama, umesikia? Haya makavu." Nikamjibu, "Baba, meno yako ni ya kulia ugali. Hapa tunaamini chupa." Akaondoka ananuna, na juma lililofuata akarudi na mahindi makavu kwelikweli. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiita Mama Chupa.

Baadaye nilihamishiwa jikoni kwenye chuo kimoja mjini. Huko Mpishi Mkuu, mtu mkali asiyetabasamu, alinifundisha kutunza nyanya: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Nyanya zilikaa ngumu wakati za wenzetu zinamwagwa. Najisifu, ndiyo, kwani nani mwingine atanisifu?

Kituo cha mwisho kilikuwa shule ya wasichana, nje kidogo ya mji. Mkuu wa Shule, mama mrefu wa maneno machache, alikuwa akileta wageni stoo makusudi. "Mama Stoo wetu hapotezi punje," anawaambia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi wa huku kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, tunaijua habari hiyo vizuri.

Basi Bwana Shamba akatuletea mifuko ya kinga njaa. Ndani ina mifuko miwili ya nailoni, nje kiroba. Unajaza mahindi makavu, unaminya hewa itoke, unasokota mdomo, unakunja, unafunga kila mfuko kwa kamba yake. Dumuzi, yule mdudu wa mahindi, akibaki ndani anakosa pumzi, anakufa bila dawa yoyote. "Ila ukishafunga, Mama," akasema Bwana Shamba, "usifungue mpaka siku ya kula." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nikasema, mtunza stoo asiyekagua ni mtunza stoo gani?

Nikakagua. Kila asubuhi nafungua mifuko kadhaa, nanusa, nazamisha mkono, nafunga, naenda zangu kifua mbele. Kumbe nilikuwa nawapelekea wadudu hewa, kama mtu anayewapelekea wagonjwa uji.

Mwezi wa pili, wakati mahindi mapya bado mabichi shambani, nikazamisha mkono ukatoka na unga. Nikafungua mfuko wa pili, unga. Wa tatu, unga, na dumuzi wanatembea juu yake. Loo! Nyuma ya maharage palikuwa na mifuko michache ambayo sikuwahi kuifikia. Nikauvuta mmoja, nikakata kamba. Mahindi safi, hayana hata tundu. Nikakaa juu ya debe nikalia, kwa sababu nilijua. Mvua haikuhusika, wala mkulima. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyofanya.

Ningeweza kusema mahindi yalikuja na wadudu. Nani angebisha? Lakini nilikwenda ofisini.

Mkuu wa Shule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mama Stoo, chakula kikiisha nitawarudisha watoto nyumbani. Unakumbuka mwaka ule tulipofunga mapema? Watatu hawakurudi. Mmoja alikuwa ameshaolewa."

"Nakumbuka, Madam."

"Sasa tufanyeje?"

Nikavua ufunguo shingoni, nikauweka mezani. "Yanayofaa tuyapepete, tuyaanike, tufunge upya kwenye nailoni isiyotobolewa. Ufunguo kaa nao wewe. Mikono yangu siiamini tena."

"Unaacha kazi?"

"Siachi. Naacha kuchungulia."

Siku iliyofuata jua lilitoka kati ya mvua mbili, tukatandaza maturubai uwanjani. Wasichana walishika nyungo, walimu wakashika nyungo, Mkuu wa Shule mwenyewe akajifunga kanga kiunoni akapepeta mpaka nywele zikawa nyeupe kwa vumbi. Nilipita na chupa yangu ya chumvi kwenye kila turubai. Yaliyokuwa salama tukayafunga, yaliyotobolewa kidogo tukayachambua, tukayala kwanza. Ugali ulipungua sahanini, na mbaazi zikaongezwa. Wasichana walinung'unika, lakini walikula.

Majuma yale yalinitesa. Napita mlangoni, kiganja kinaniwasha. Mpaka siku ya mwisho ya muhula Mkuu wa Shule akaniita stoo. Ulibaki mfuko mmoja. Nikaufungua mbele yake, nikamimina kwenye debe, mahindi yakalia kama changarawe. Hakuna msichana aliyerudishwa kwao kwa njaa mwaka ule, hata mmoja. Mkuu wa Shule alinivisha ufunguo shingoni, na nikalia tena, safari hii bila kujificha.

Sasa nimestaafu, naishi Mshangano na mwanangu na mke wake. Aliyepokea kazi yangu alikuja na viatu vya kisigino, nikamvulisha siku ile ile. Hapa nyumbani tuna mifuko miwili ya mahindi chumba cha uani. Juzi majirani wakanisifu, mama huyu ni fundi wa kutunza chakula. Nikajibu ni kweli, mimi ni fundi.

Walipoondoka nikamwambia mkwe wangu, "Mwanangu, nipe ufunguo nichungulie kidogo tu."

Akashika kifundo cha kanga alikoufungia. "Ng'o, Mama. Si wewe uliyenipa, ukasema nisikupe hata ukinibembeleza?"

Nikamwambia vizuri, kaa nao hivyo hivyo.