Mabao ya Kagendo

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, nilipochagua mchezaji kwa macho ya mechi moja. Niwie radhi nikianza na aibu yangu. Sasa wewe ndiwe unayepanga timu, afadhali ujifunze kwa kosa langu.

Nilikuwa kapteni wa hoki ya wasichana, hapa Isiolo. Mwalimu aliniachia nichague mshambuliaji wa mwisho wa kwenda mashindano ya mkoa. Habiba alikuwa amefunga mabao manne siku tuliyocheza Garbatulla, shule nzima ikamwimba. Kagendo, binti wa muuza miraa, alifunga bao moja karibu kila mechi tangu msimu uanze, wala hakuna aliyemwimba. Nikaandika Habiba. Kagendo alinirudishia gongo lake la hoki, akauliza jambo moja tu: "Kapteni, yangu hukuhesabu?"

Nyumbani nikamsimulia babu, nikitaraji sifa. Alifuga ngamia maisha yake yote, na hoki aliiona ni watoto kukimbizana na fimbo bila mifugo. Akataka kujua wale wa Garbatulla walikuwaje siku hiyo. Nikakiri kwamba kipa wao alikuwa mgonjwa. Babu akacheka hadi akakohoa.

"Mvua ikinyesha, hata ngamia mbaya inajaza kibuyu maziwa," akasema. "Ukinunua ngamia, si unauliza kiangazi ilitoa nini?"

Niliona haya sana, mimi mjukuu wa mfugaji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na miguu nilikuwa bado naihitaji. Asubuhi nikaenda kwao Kagendo na lile gongo, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake, nikamwambia nafasi ni yake. Habiba nilimweleza mwenyewe. Alinuna wiki nzima, na alikuwa na haki. Kule mkoani Kagendo alifunga bao moja kila mechi, kama kawaida yake. Kombe hatukuleta, lakini hatukutoka uwanjani hata siku moja bila bao. Namshukuru babu mpaka leo, na Kagendo zaidi, kwa kukubali kulipokea lile gongo.

Basi, mwanangu, bandu bandu huisha gogo. Mfungaji mpime kwa msimu mzima: alifanya nini mbele ya mabeki wagumu, na siku timu ilipolemewa. Kabla hujaandika jina, mtafute yule asiyeimbwa, umhesabie yake. Mungu akupe jicho la subira, na ukikosea, akupe mtu wa kukukemea kwa upendo, kama alivyonipa mimi.