Valvu Nane kwenye Ubao wa Bao

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi, baba yetu alifariki pale Nkowe na shida ikaingia nyumbani bila kupiga hodi. Nasema shida, si hii ya vijana wa leo wanaonuna kutwa kwa sababu bando limekwisha. Arobaini ilipopita tu, ndugu zake walikuja wakachukua baiskeli, redio, cherehani na kitanda cha chuma. Wakaizunguka na pikapu yake kuukuu. Mmoja akachomeka hendeli mbele, akazungusha, hendeli ikagoma. Baba aliugua misimu miwili ya mvua, gari limesimama nje, maji yakaingia ndani ya injini na vyuma vikashikana.

"Hilo lichuma mwachieni mjane," baba mkubwa akasema. "Kuku watatagia humo."

Wenzangu wa rika langu mnayajua magari yale. Baba aliipata pikapu yake Nachingwea, katika mabaki ya yale mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza. Ndani ilinuka petroli, ufuta na jasho la abiria. Ikitokea njia ya Mbekenyera tuliisikia kabla hatujaona vumbi, tukakimbia barabarani na matumbo wazi kuilaki. Magari ya siku hizi yanapita kimya kama paka mwenye kipande cha samaki mdomoni.

Kikakaa kikao cha wakubwa. Mama hana mume, hana kitu, basi watoto wagawanywe: mimi niende Nachingwea kwa shangazi kulea wanawe, wadogo zangu wawili wachukuliwe na baba mkubwa. Mama aliinama, anachora chini kwa kijiti. Ndipo mjomba Shaibu, kaka yake, akakohoa. Kwetu mjomba akikohoa kikaoni, watu wananyamaza.

"Nipeni mpaka mvua za kwanza," alisema. "Injini hii ikinguruma, hawa watoto watakula kwa mama yao. Isiponguruma, nitawapeleka mwenyewe, kwa miguu."

Mjomba hakusoma. Alikuwa utingo wa malori miaka mingi, akajifunza ufundi kwa kushika taa huku mafundi wakimtukana. Sifa yake nyingine ilikuwa bao. Ubao wake alikuwa hamwazimi mtu. Asubuhi ya siku ya kwanza akauleta uani kwetu, akamwaga kete zote kwenye kibuyu, akaulaza juu ya mkeka wa kuanikia ufuta.

"Somoe," akaniita, "hesabu mashimo ya mstari mmoja."

"Manane, mjomba."

"Na injini hii ina valvu nane. Kila moja ina kiti chake. Ukizichanganya zitagombana kama wake wenza. Valvu ya kwanza shimo la kwanza, ya pili la pili. Hakuna kuandika hapa. Nani anajua kuandika?"

Mimi nilikuwa nimesoma darasa la kwanza na nusu tu. Lakini bao nililijua. Mstari wa mbele tukaweka valvu, nyuma yake springi zake, mistari ile mingine bolti na nati, kila moja kwa nyumba yake. Mpaka leo sijaona karatasi ya fundi iliyo bora kuliko ule ubao.

Wachezaji wenzake walikuja kumtania. "Shaibu, kete za chuma hizo, nani anaongoza?"

"Ananiongoza marehemu shemeji," anajibu bila kuinua kichwa. "Ila bado sijatakata, kete za kula ninazo."

Tuliifungua injini vipande vipande. Kifuniko chake cha juu kilitoka kwa siku mbili, maana bolti zilikuwa na kutu ya rangi ya udongo wa Ruangwa. Pistoni nne zikaonekana zimeng'ang'ania. Mjomba akachanganya mafuta ya taa na oili chafu, akazijaza. "Kila asubuhi ongeza kidogo," akaniagiza, akaenda shambani kwake Mbwemkuru siku tano.

Siku ya tatu oili ikaisha kwenye kopo. Hapo nikafanya la kufanya. Jikoni palikuwa na chungu cha mafuta meusi, mazito, yanayong'aa. Nikasema moyoni, oili si hii hapa? Nikamimina chungu kizima. Yalikuwa mafuta ya maganda ya korosho, yale tunayopaka nguzo ili mchwa wasile nyumba.

Mtu wa kwetu anacheka sasa hivi, anajua kilichofuata. Mkono wangu wa kulia ulibabuka kama umechovywa kwenye uji wa moto. Mjomba aliporudi, mafuta yale yalikuwa yameganda kama lami, na pistoni zilizokuwa zimeshikwa na kutu sasa zimeshikwa na kutu na gundi. Aliweka gogo, akagonga, akagonga tena. Wapi! Akakaa chini, akatazama mawingu yanayokusanyika upande wa Nachingwea, akavua kofia.

"Somoe, umetumaliza."

Sikulia. Niliingia ndani nikaanza kufunga nguo zangu kwenye kanga, maana safari ya kwa shangazi nilikuwa nimejiletea mwenyewe.

Mama akatoka jikoni. Hakuwahi kushika spana maisha yake. Akainama, akachungulia, akanusa, akaguna.

"Kaka, hii si shida ya injini tena. Hii ni shida ya korosho. Nipisheni."

Mwanamke aliyebangua korosho tangu ana meno ya utoto! Aliagiza lile bloku, tumbo la injini lenye pistoni, lishushwe garini liwekwe juu ya mafiga matatu. Akatandika chini makaa ya maganda, hayana moto wa kuonekana lakini yanachoma kweli. Akapasha mafuta ya ufuta, akamimina kidogo kidogo ukutani mwa kila pistoni, kama anavyolainisha mikono baada ya kubangua. Alikaa pale tangu jua la asubuhi mpaka adhuhuri, anageuza makaa, anaimba chini chini. Kisha akasema, "Gonga sasa, na taratibu, si ngoma hiyo."

Mjomba akaweka kipande cha mti, akagonga. Pistoni ya kwanza ikashuka kiasi cha ukucha. Akamtazama dada yake. Akagonga tena, ikashuka. Ya nne ilipotoka mjomba alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama akaninyang'anya kile kifurushi changu, akafungua kanga, akajifunga kiunoni.

Tulisafisha wiki nzima kwa mafuta ya taa na matambara. Kurudisha valvu nilizirudisha mimi, shimo moja moja, kidonda kikiniuma. Siku hendeli ilipozunguka na injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi unaonuka korosho za kukaanga, kijiji kizima kilikuja. Mvua ikanyesha siku nne baadaye. Ilitukuta sote kwa mama yetu.

Enzi zetu kitu kikikwama, watu wazima walivua mashati wakakifungua. Wajukuu zangu wanachomeka waya, simu inawaambia ugonjwa, wanaagiza kipya. "Bibi, hiyo haifunguliwi, inabadilishwa tu." Wana akili, sikatai. Ila sijaona hata mmoja akinusa injini.

Leo ninayo gereji Ruangwa mjini yenye mafundi sita. Malori mawili ya kubebea korosho. Nyumba ya tofali niliyomjengea mama, alikaa humo mpaka siku yake. Mikorosho ekari kumi na mbili. Kovu kwenye mkono wa kulia. Na ubao mmoja wa bao, alioniachia mjomba, mashimo thelathini na mawili, manane kati yake meusi.