Nilimlazimisha Mume Wangu Amalize Ugali

Nilikosa, na sina wa kumsukumia lawama. Mimi ni mama wa hapa Kitengela, na nusura nimuue baba ya watoto wangu kwa ugali niliousonga mwenyewe!

Alianza kwa kuacha chakula. Anakula kidogo, anakunywa maji mengi, anainuka. "Inakwama hapa," alikuwa akiniambia, akijigusa kifua. Duka la dawa wakampa vidonge vya asidi. Mwishowe akaacha kulalamika, akawa mtu wa uji na supu, huku akikonda.

Jirani yangu Mama Ciku ndiye alinijaza maneno. "Mwanaume akikataa chakula yako, jua kuna mahali anashibishwa." Nikaamini! Miaka kumi na minne ya ndoa, halafu nisalitiwe hivyo? Nililia hadi sauti ikakauka.

Jumapili moja nikaita ndugu zake, na dada yake akatoka kwake Matasia. Nikamwekea mume wangu ugali mbele yao wote. "Kama hauna mwanamke mwingine, maliza hii."

Akanawa mikono. Halafu akala. Tonge la tatu lilirudi, akapaliwa, akaanguka kando ya kochi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema anaigiza! Dada yake ndiye aliyetafuta gari.

Hospitalini walimnywesha dawa nyeupe, wakampiga picha akimeza. Daktari wa upasuaji wa kifua akatuonyesha njia ya chakula, imepanuka, imejaa vyakula vya siku nyingi, na chini misuli imekaza, haifunguki. Ni ugonjwa adimu, akasema, wengi hudhani ni asidi. Chakula kingine kilikuwa kimeingia mapafuni. Walitibu mapafu kwanza, ndipo wakaikata ile misuli.

Fomu ya upasuaji ilipouliza jamaa wa karibu, mume wangu aliandika jina la dada yake. Nami nimesimama pale pale!

"Ulitaka nife ndio uniamini," akaniambia.

Na Mama Ciku je? "Mimi sikukuambia umlishe kwa nguvu." Ati! Sasa ndiye anayesimulia habari zangu kwa majirani.

Dada yangu, mtu wako akisema chakula kinakwama, mpeleke kwa daktari kabla hujamwitia kikao.

Wangu alipona. Ugali anakula vizuri, lakini anaulia Matasia, kwa dada yake. Juzi alikuja kuona watoto, nikampakulia. Akasema ameshiba, na safari hii nilijua ni nani amemshibisha.