Jogoo wa Pili wa Mama wa Ndalu

Wiki jana nilikuwa posta ya Kitale nikingoja stempu. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Ndalu. Alitandaza gazeti juu ya kaunta na kugonga ukurasa wa michezo kwa kidole.

"Huyu ni kijana yangu. Amepata medali ya shaba ya judo huko ng'ambo. Nataka kumtumia telegramu."

Karani alisoma matokeo, akakunja uso. "Lakini mama, hapa namba tatu wako wawili. Kijana yako na Mjapani."

"Wawili aje? Si wangepigana mmoja aanguke?"

"Judo ndivyo ilivyo, mama," nikadakia. "Shaba huwa mbili, kila mtu na yake."

Mama akashika kiuno, akatazama dari. "Sasa hiyo ni shida. Jogoo ya kumkaribisha nimeshafunga kamba. Na jogoo iko na firigisi moja tu!"

"Si wakatiane nusu?" karani akasema.

Foleni nzima iliguna. Kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima, na heshima haikatwi kwa kisu. Hata mimi niliona haya kwa niaba ya karani.

Mama aliwaza kidogo, kisha akaagiza: "Andika hivi. Hongera. Kuja na huyo Mjapani. Jogoo ni mbili."

Karani akaandika, halafu akainua kalamu. "Na yule wa dhahabu, mama?"

"Huyo si ameshinda? Akule kwao."