Dole Gumba la Mpishi

Ukikohoa hapa, umezamisha meli. Hilo ndilo onyo analopewa kila mgeni anayeingia chumba cha nyuma cha Mama Manowari, na asubuhi hii mwenyewe analitoa kwa kunong'ona, midomo haifunguki vizuri, kwa kuwa ameshika pumzi.

Mkono wa kulia umebana koleo nyembamba. Kwenye ncha ya koleo unaning'inia uzi wa plastiki, kijiti alichokipasha kwenye mshumaa na kukivuta taratibu hadi kikawa chembamba kama unywele wa mtoto. Anaushusha kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye bomba la moshi, anaugusisha kwenye tone la gundi, anasubiri. Kisha anaachia pumzi yote kwa mpigo na mabega yanashuka.

"Huo ni waya wa redio," anasema. "Tangu jana unanidengulia."

Mbele yake iko manowari ya doria ya rangi ya kijivu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kila kitu kimepunguzwa mara sabini na mbili: mzinga, nanga, maboya, hata vitasa vya milango. Baharia wa kipimo hicho asingezidi pingili moja ya kidole.

Nyuma, karibu na shetri, nje kidogo ya mlango wa jiko, kuna kitu kisichokuwepo kwenye meli yoyote duniani. Ni alama ya dole gumba, imezama kwenye rangi ya sitaha, mistari ya ngozi inahesabika. Kwa kipimo cha meli, alama hiyo ni pana kama meza ya kulia chakula.

Kando ya meli umelazwa msasa laini, kipande kisichozidi stempu. "Robo saa ya kusugua, nipake upya, imekwisha," anasema Mama Manowari. "Hata Mungu nisingemwambia, angejua mwenyewe tu. Kazi ni kuuinua huo msasa."

Mwenye meli anakuja kuichukua leo, kabla ya adhuhuri. Msasa umelala hapo tangu Jumatatu.

Mtaani wanamwita Mama Manowari kwa upendo na kwa kejeli kidogo, maana hajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Ndege nazo anazijua bawa kwa bawa, za propela, za mabawa mawili, za vita vya zamani, zimening'inia darini kama popo waliopangwa na mtu mwenye nidhamu, lakini uwanja wa ndege aliufikia mara moja tu, kumsindikiza shemeji.

"Kwa nini nipande?" anauliza. "Mimi nikipanda nitaanza kuangalia misumari."

Ufundi wenyewe aliupatia mbali na bahari. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa meno bandia katika kliniki moja. Siku moja daktari wake alikuja na ndege ya kivita ya plastiki iliyovunjika bawa, kumbukumbu ya ujana wake, uso umemshuka kama aliyefiwa. Fundi akaliunga bawa kwa ileile plastiki ya kutengenezea fizi, akalichonga, akalipaka rangi. Daktari akaigeuza, akaigeuza tena, akauliza ni bawa lipi lililokuwa limevunjika.

"Nikajisemea, kumbe! Mkono ni uleule," anasimulia. "Jino likizidi unywele, mgonjwa halali. Bomba la moshi likizidi unywele, mkusanyaji wa modeli halali. Wote wanakupigia simu asubuhi wamefura."

Wakusanyaji wakaambizana. Modeli moja kubwa, ikilipwa vizuri, inamweka mjini miezi mitatu. Kazi zikikauka, anarudi kwenye meno, na hana aibu nayo. Vifaa ni vilevile: visu vidogo, kioo cha mpini, mashine ya kuchongea inayolia kama mbu mwenye hasira.

Juu ya mlango kuna kibao alichoandika mwenyewe kwa herufi nyekundu: MACHO MBELE, MIKONO MFUKONI. Sheria hiyo haina mjomba wala shangazi. Reli za meli ni nyaya zinazopinda kwa kuguswa tu, na kidole cha mtu, hata kilichonawa, kina mafuta yanayokula rangi. Wateja wanatii, na mumewe, fundi umeme, anatii. Hata paka ameshaelewa.

Mtu mmoja tu sheria hiyo ilimnyima kila kitu, naye anaishi chumba cha pili.

Ni baba yake. Mabaharia wenzake walimwita Chumvi, kwa kosa la siku moja kwenye chai ya nahodha, na jina likamganda. Alikuwa mpishi wa manowari ya doria kwa miaka kumi na moja. Meli ilipozeeka ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu, naye akarudi nyumbani na sanduku moja na mabaka ya moto mikononi. Baadaye presha ya macho ikamnyang'anya jicho moja, kisha la pili, taratibu, kabla binti yake hajaunda hata boti ya kwanza.

Kwa hiyo mzee hajawahi kuona kazi hata moja ya mwanawe. Na kwa sheria ile ya mlangoni, hakuwa amewahi kushika hata moja. Alikuwa akikaa kwenye kiti karibu na dirisha, akisikiliza mashine ikilia, akiuliza tu, "Leo unachonga nini, mama?" Naye anajibiwa, "Ndege, Baba," au, "Meli, Baba," na anaitikia, "Haya, hongera," kama mtu anayepokea salamu za mbali.

Mwaka jana akaja mkusanyaji ambaye Mama Manowari anamwita Bwana Kabati, kwa sababu nyumba yake nzima ni makabati ya vioo. Alikuwa na picha tatu zilizofifia na ombi moja: anataka manowari hii, yenyewe hasa, kwa ajili ya maonyesho ya wakusanyaji. Mama Manowari alipoisoma namba ubavuni mwa meli, alilazimika kukaa.

Ilikuwa meli ya Chumvi.

"Nilimwambia Baba usiku ule ule. Alinyoosha kiganja hewani kama anayepapasa ukuta," anasema. "Kisha akasema, 'Jiko liko kushoto ukielekea shetri. Usilikosee.'"

Hakulikosea. Picha zilionyesha upande mmoja tu wa meli. Ule mwingine ulijengwa kwa maneno ya mzee, mlango kwa mlango, akipima hewani kwa viganja. Na kazi ilipokaribia kwisha, akatoa ombi lake.

"Za watu wengine sikukuomba," alimwambia. "Hii nimekula moshi wa jiko lake miaka kumi na moja. Nipe niishike mara moja, kabla hawajaifungia kwenye kioo."

Atamkatalia kwa maneno gani? Lakini pia, jamani, mikono yenyewe! Vidole vya Chumvi ni vya kuepua sufuria bila kitambaa. Mama Manowari alizunguka wiki mbili, mara gundi haijashika, mara kuna vumbi. Alilala vibaya. Alijua meli ikishaondoka, haitarudi, na baba yake ana umri ambao mtu haambiwi "tutaona mwakani".

Akakata shauri kupindua utaratibu. Badala ya kumpa meli iliyokamilika, atampa meli kipara: mwili, sitaha na vyumba vikiwa tayari vimepakwa rangi, lakini bila reli, bila nyaya, bila mzinga. Mzee ataishika yote, kisha vile vinavyovunjika vitafuata. Alijiona mjanja.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la wenye fani tu. Rangi ya mafuta hukauka juu kwanza. Chini inabaki laini kama siagi, na kidole cha kujaribia hudanganywa. Fundi haigusi, hunusa. Ikiwa bado inanukia, bado ni mbichi. Mama Manowari aliinusa meli asubuhi ile, akaona haina harufu kabisa, akafurahi.

Alikuwa na mafua.

"Baba alinionya, ndiyo inayoniuma," anasema, sasa akicheka na kujifuta jicho kwa kiwiko ili asijipake gundi. "Pua ya mpishi ile! Akasema, 'Mama, mbona inanuka rangi?' Nikamjibu, 'Baba, chumba hiki kimenuka rangi tangu tuhamie.' Asiyesikia la mkuu, si unajua."

Alimwekea meli mapajani, juu ya mto. Mzee akaanza mbele, na gubeti. Akapita taratibu kwenye chumba cha nahodha, akalitambua bomba la moshi, akaliita jina la utani walilolipachika, neno ambalo gazeti haliwezi kulichapa. Akashuka upande wa kushoto akielekea shetri. Alipofika mlango wa jiko akasimamisha vidole.

Hapo nje, alimweleza binti yake, ndipo alipokuwa akikaa kumenya viazi, maana ndani joto lilikuwa halivumiliki. Akaweka dole gumba pale akalikandamiza, na akakaa hivyo muda mrefu, machozi yakimtiririka bila hata kukunja uso.

Binti aliliona dole likizama. Angeweza kusema, "Baba, inua." Hakusema.

"Ningemwambiaje?" anauliza. "Maji yalishamwagika. Nikaacha yamwagike vizuri."

Mzee hakuambiwa. Alama ikakauka, reli zikapandishwa, nyaya zikafungwa, na msasa ukaletwa mezani, ukalala.

Bwana Kabati anabisha hodi akiwa na boksi lenye sponji. Ni mtu wa shati lililopigwa pasi, sauti ya chini. Anaingiza mikono mfukoni kabla hajakumbushwa, anainama, anaanza kusoma meli kuanzia mbele kama mtu anayesoma barua. Anaguna kwa furaha. Anafika nyuma, anatoa kioo cha kukuzia, anakisogeza karibu.

"Fundi," anasema. "Mimi nakusanya meli. Sikusanyi vidole."

Mficha uchi hazai. Mama Manowari anamwambia yote, mafua, pua ya mpishi, viazi. Bwana Kabati anasikiliza akitazama kibao cha mlangoni. Mwishowe anauliza kwa upole kama haiwezekani kusugua.

"Inawezekana. Msasa huo hapo." Anausogeza mezani kwa ncha ya koleo, kisha mkono unasimama. "Ila siwezi, Bwana. Nimejaribu tangu Jumatatu. Nitakuundia nyingine, nianze leo leo. Hii niachie."

"Na maonyesho?"

"Utayawahi. Nitanusa kwa pua ya Baba."

Bwana Kabati hafurahi, na hafichi. Anatembea hadi dirishani, anarudi. Ameingoja meli hii mwaka mzima, na anasema hivyo, mara mbili. Wakati huo mlango unafunguka, fimbo inatangulia, na Chumvi anaingia akiwa amevaa koti lake zuri kwa ajili ya kuiaga meli.

"Mnaipeleka sasa hivi?" anauliza.

Mama Manowari anamtazama mteja wake. Uso wa fundi unaomba waziwazi. Bwana Kabati anamtazama mzee, anaitazama mikono ile, anafunga boksi lake tupu.

"Shikamoo, Mzee," anasema. "Hapana. Nimeikagua, naona haijawa tayari kwa kabati langu. Itabaki hapa kwanza."

"Marahaba. Fundi gani huyu asiyemaliza kazi!" anafoka Chumvi, lakini amekwisha vuta kiti.

Mteja akishaondoka, Mama Manowari anafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Anang'oa reli zote za upande wa kushoto, moja moja, kwa koleo. Ataweka nyingine za waya mnene, anaeleza, zinazovumilia mkono. Rafu ya chini, iliyokuwa na makopo ya rangi, inafagiliwa. Ipo kimo cha kiti cha mzee, na haitawekewa kioo. Ana mpango, Mungu akipenda, ya Bwana Kabati ikiisha, kuunda ndege moja ya kushikwa pia, yenye mabawa imara. Kuna watu wengi wasioona, anasema, na kibao kile kimewafungia nje bila yeye kuwaza.

Meli inarudishwa mapajani, juu ya mto. Safari hii mzee haanzii mbele. Anakwenda moja kwa moja kushoto, kuelekea shetri, na kidole kinasimama ghafla.

"Hapa pana bonde," anasema. "Nani huyu kakanyaga sitaha mbichi?"

"Mpishi mmoja, Baba."

Chumvi anapapasa kingo za bonde. Anarudisha dole gumba pale, analigeuza kidogo, linaingia lote.

"Mjinga huyo," anasema hatimaye, na mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Mwache hapo hapo amenye viazi."